Programu ya bure ya kurekodi saa za wafanyakazi: ipime kabla hujaitumia kulipa mishahara

Pita madukani hapa Mwanza kuanzia Makoroboi hadi Igoma utakuta wenye biashara wengi, hasa wenye watu watano, wanane au kumi na wawili, bado wanaandika mahudhurio kwenye kauntabuku yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Daftari lile lina aibu zake. Kila mtu kaingia saa mbili kamili, kila mtu katoka saa kumi na moja kamili, na saini tatu zimepigwa na mkono mmoja. Kwa hiyo tajiri akisikia kuna programu ya bure inayorekodi saa yenyewe, anaishusha jioni ileile, na kesho yake kauntabuku inageuka ya kuandikia madeni.

Mimi nipo upande wa hesabu. Kazi yangu ni kupokea hizo saa mwisho wa mwezi na kuzigeuza fedha, na hapo ndipo mapengo ya programu za bure yanapojitokeza. Nyingi ni nzuri kwa kazi ziliyotengenezewa. Tatizo ni kwamba zilitengenezewa duka la Marekani au Ulaya, lenye sheria nyingine na intaneti isiyokatika, na toleo la bure limepunguzwa makusudi ili siku moja ulipie. Fuata hatua hizi ujue limepunguzwa wapi, kabla mfanyakazi hajakuonyesha yeye.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, simu baadaye

Andika jinsi unavyomlipa mtu. Wengi huiruka hatua hii, ilhali ndiyo inayoamua kama programu itakufaa. Sehemu kubwa umeshapangiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004:

- Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi hazizidi 6 kwa wiki.
- Zinazozidi hapo ni ovataimu, na zinalipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hata ukiweka ovataimu, siku isipite saa 12, na ovataimu yenyewe isipite saa 50 ndani ya wiki nne.
- Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, yenye nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Saa hiyo ikiwa pia ni ya ovataimu, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu.
- Aliyefanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki, au sikukuu ya kitaifa, analipwa mara mbili kwa kila saa.
- Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anapewa mapumziko ya angalau dakika 60. Huna wajibu wa kuyalipia, isipokuwa umemtaka aendelee na kazi au akae tayari kwa kazi.

Chini ya hapo andika ya kwako: nani anapumzika Jumapili na nani Ijumaa, anayechelewa anasamehewa dakika ngapi, mlinzi anakulia getini au anatoka.

Sasa fungua mipangilio ya programu uilinganishe na karatasi. Nyingi zinakuja na wiki ya saa 40, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Marekani inaanza kuhesabu ovataimu baada ya saa 40. Usipobadilisha, mtu wako wa saa 45 ataonekana ana ovataimu ya saa 5 kila wiki. Kosa hilo utaligundua haraka maana linatoka mfukoni mwako. Yanayojificha ni yale yanayotoka mfukoni mwa mfanyakazi. Toleo la bure mara nyingi lina kiwango kimoja tu cha ovataimu, au halina kabisa, linakupa jumla ya saa basi. Asilimia 5 ya usiku hailijui. Siku ya mapumziko hailijui, kwake Jumapili ni siku kama nyingine. Sikukuu ukitaka uziweke, unaambiwa hilo ni la wanaolipa. Hata likikuletea kalenda ya Tanzania, Idi yetu inathibitishwa na mwezi kuandama, usiku wa kuamkia, na kalenda iliyopakiwa Januari inaweza kukosea kwa siku nzima.

Angalia kwa makini zaidi sehemu ya mapumziko. Programu kadhaa zina kitufe cha kukata mapumziko moja kwa moja: dakika 30 au 60 zinaondolewa kila siku, mtu awe amepumzika au hakupumzika. Kwa fundi anayetoka kwenda kula kwa mama ntilie, sawa. Kwa keshia aliyebaki peke yake dukani, akila ugali huku anahudumia, umemkata saa aliyoifanyia kazi. Kizime kitufe hicho. Ni afadhali mtu abonyeze mwenyewe anapotoka kula na anaporudi, hata kama siku nyingine atasahau.

Hatua ya 2: Mkokotolee mtu mmoja kwa mkono

Chagua mwenye ratiba ngumu kuliko wote. Keshia wa saa mbili hadi saa kumi na moja usimchague, huyo hata kauntabuku inamtosha. Mchukue mhudumu wa mapokezi wa gesti pale Kirumba, anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, anakula palepale kaunta kwa kuwa hakuna wa kumpokea.

Tuseme mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi, namba inayogawanyika bila usumbufu. Jedwali lililo mwishoni mwa sheria linakupa kigawanyo: saa za wiki mara 4.333. Kwa wiki ya saa 45 unapata 195. Gawanya 390,000 kwa 195, saa yake moja ni shilingi 2,000.

Usiku mmoja ni saa 12. Saa 9 za kwanza, hadi saa 9 usiku, ni za kawaida na zimo ndani ya mshahara. Saa 3 zilizobaki ni ovataimu: 3 mara 3,000 ni 9,000. Nyongeza ya usiku inaanza saa 2 usiku. Kutoka hapo hadi saa 9 usiku ni saa 7, mara 100, unapata 700. Saa 3 za mwisho ni za usiku na pia za ovataimu, kwa hiyo asilimia 5 inapigwa kwenye 3,000, ni 150 kwa saa, jumla 450. Juu ya mshahara wake, usiku huo unamdai tajiri shilingi 10,150.

Iandikie programu usiku huohuo, uingize na kutoa saa kama alivyofanya, halafu fungua ripoti. Mara nyingi utakuta imeugawa usiku katikati: saa 6 kabla ya saa sita usiku zimekwenda siku ya kwanza, saa 6 baada yake zimekwenda siku ya pili. Kila siku ina saa 6, hakuna iliyofika 9, ovataimu sifuri. Mtu kakesha saa kumi na mbili, ripoti inasema kafanya nusu siku mara mbili. Akiwa na usiku mfululizo zile siku za katikati zinajumlishwa tena, na ovataimu inarudi kwenye tarehe ambazo si zake. Tafuta kwenye mipangilio kama unaweza kuhamisha siku ianze saa nyingine, kwa mfano saa 6 mchana, au zamu ihesabiwe tarehe iliyoanzia. Kukiwa hakuna, programu hiyo haifai kwa gesti, kituo cha mafuta, walinzi wala tanuri la mikate. Itafute nyingine, usijidanganye kwamba utakumbuka kurekebisha.

Hesabu hii inafichua jambo jingine ambalo programu haitakuambia. Mhudumu wa saa 12 kwa usiku, hata ukimpa siku 5 tu kwa wiki, anafikisha ovataimu ya saa 15 kwa wiki, saa 60 kwa wiki nne. Kikomo ni 50. Ratiba ya aina hiyo, ambayo ndiyo ya gesti nyingi mjini, inavunja sheria hata kama unalipa kila senti. Ipo njia halali: makubaliano ya maandishi ya wiki fupi, yanayoruhusu hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula bila ovataimu, lakini siku zisizidi 5, saa za kawaida zisizidi 45 na ovataimu isizidi saa 10 kwa wiki. Programu ya bure itarekodi saa 60 za ovataimu bila kukuonya.

Hatua ya 3: Soma ukurasa wa bei, hasa safu ya wanaolipa

Mambo yaliyoandikwa kwenye safu ya kulipia ndiyo usiyokuwa nayo. Programu iitwayo Jibble kwa muda mrefu imejitangaza kuwa ya bure bila kikomo cha watumiaji. Connecteam imekuwa ikitoa bure kwa biashara isiyozidi watu 10. Kimai ni programu huria, haina ada, ila seva, yaani kompyuta ya kuiweka iwe hewani muda wote, unaitafuta mwenyewe pamoja na mtu wa kuitunza. Masharti haya hubadilika. Yasome siku unayojiunga, piga picha ya skrini na uitunze, maana siku wakibadilisha utataka kujua ulikubali nini.

Kikomo cha watu uangalie kama kinahesabu waliopo au wote waliowahi kuwepo. Kuna programu ambazo ili kupata nafasi ya mhudumu mpya inabidi umfute aliyeondoka, na ukimfuta anaondoka na kumbukumbu zake. Mtu aliyeacha kazi kwa ugomvi ndiye unayehitaji kumbukumbu zake kuliko wote. (Ukifika watu 10 kumbuka pia na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo inaanza kwa mwajiri wa idadi hiyo. Hilo halihusiani na programu, ila watu hulisahau siku ileile wanapohangaika na kikomo.)

Matawi ni kikwazo kingine. Toleo la bure linaweza kukubali eneo moja tu la kazi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini na stoo Nyakato, anayehamisha vijana kutoka huku kwenda kule kulingana na mzigo, hataweza kujua nani alikuwa wapi. Na mzigo ukienda Ukerewe, dereva na tandiboi wanalala Nansio wakingoja kivuko cha asubuhi. Kama umefunga eneo la dukani, yaani mtu akubaliwe kubonyeza akiwa hapo tu, programu inaweza kuwakatalia kubonyeza kutoka, na saa zao zinaendelea kuhesabiwa usiku kucha.

Kisha historia na ripoti. Uliza mawili: kumbukumbu za mwaka jana nitaziona? Naweza kuzitoa kama jedwali la kufungua kwenye Excel, au ni picha ya kutazama tu? Toleo linalokuonyesha miezi michache ya nyuma halikutoshi, kwa sababu sheria inakutaka utunze kumbukumbu za mfanyakazi kwa miaka 5 baada ya ajira yake kuisha. Kwangu mimi hili ndilo swali la kwanza na la mwisho. Programu isiyokuruhusu kutoa data zako zote bila kulipa, iache hata kama mengine yote ni mazuri.

Kuhusu mishahara yenyewe usitarajie kitu. Zile zinazojisifu kuunganishwa na mfumo wa mishahara zinamaanisha mifumo ya nje kama QuickBooks, Gusto na wenzao. NSSF, kodi ya mshahara ya PAYE na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, vinabaki juu yako na mhasibu wako. PAYE inatakiwa TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata, hivyo programu ikigoma kufunguka tarehe 5 usitegemee msaada wa haraka: wateja wa bure wanajibiwa kwa barua pepe, kwa Kiingereza, na saa 4 asubuhi hapa Mwanza huko California ni usiku wa manane.

Hatua ya 4: Zima data, rudisha saa nyuma, chomoa chaji

Majaribio haya yanachukua asubuhi moja, yafanye na simu itakayotumika kweli.

Zima data ubonyeze kuingia. Programu ikikataa, maana yake siku bando likiisha au mtandao ukisumbua hakuna aliyekuja kazini. Ikikubali, subiri, washa data, uangalie imepeleka saa ipi: ile uliyobonyeza, au ile mtandao uliporudi? Nimeona zinazoandika ya mtandao uliporudi, na duka zima likaonekana limechelewa.

Bado data imezimwa, ingia kwenye mipangilio ya simu urudishe saa nyuma kwa saa moja, kisha bonyeza. Programu inayofuata saa ya simu itameza uongo huo. Vijana wataligundua hili mapema kuliko wewe, kwa hiyo simu ya kubonyezea iwe na nywila kwenye mipangilio, au saa ifungwe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Angalia eneo la saa la akaunti. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, zote ni saa 3 mbele ya saa ya dunia, yaani UTC. Akaunti zilizofunguliwa haraka hubaki na saa za Marekani, na mtu wa saa moja asubuhi anaonekana kaingia jana usiku. Ukichapisha ripoti kwa ajili ya wafanyakazi, ongeza safu ya saa tunavyozitaja: 07:00 iandikwe pia saa 1 asubuhi. Anayesaini lazima aelewe anachosaini.

Mwisho, acha simu bila chaji kuanzia asubuhi. Ikizima saa nane mchana, umejua kwamba umeme ukikatika jioni yote haina rekodi. Hapo unahitaji benki ya chaji, na bei yake uiandike kwenye gharama za kitu cha bure, pamoja na simu na bando.

Hatua ya 5: Amua nani anabonyeza, na kwa kidole kipi

Programu nyingi zinadhani kila mfanyakazi ana simu janja, bando na moyo wa kuvitumia kwa ajili yako. Nusu ya watu wako wana vitochi. Hata wenye simu za kupangusa, kumtaka mtu atumie bando lake ili wewe ujue kafika ni jambo ambalo mimi binafsi silipendi, na wao hawalipendi pia, wanakuficha tu.

Njia inayofanya kazi ni simu moja ya duka, iliyofungwa mahali pamoja, kila mtu na namba yake ya siri. Baada ya wiki namba zote zinajulikana, na kusainiana kunarudi kama zamani. Dawa yake ni picha: programu inapiga sura ya anayebonyeza. Baadhi zinatoa hilo bure, nyingine wanalilipisha. Alama ya kidole inahitaji mashine yake, na hapa kuna jambo la kwetu: anayeparua sangara siku nzima mikono yake ina maji na magamba, anayefyatua matofali vidole vimelika na saruji. Mashine inawakataa hao hao kila asubuhi, foleni inakuwa ndefu, na mwisho msimamizi anawaingiza kwa mkono. Kama kazi yenu ni ya namna hiyo, picha ni bora kuliko kidole.

Kumbuka sura na alama za vidole zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Andaa karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, useme unachukua nini, kwa ajili gani, zinatunzwa wapi na hadi lini, kila mmoja asaini. Programu ya bure inazihifadhi kwenye seva za nje ya nchi, na hilo nalo liandikwe, kwa kuwa sheria ina masharti ya kupeleka taarifa nje. Pitia pia tovuti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ujue taratibu za kujisajili kama mkusanyaji wa taarifa.

GPS, ile inayoonyesha simu iko wapi, usiitegemee sana. Ndani ya jengo lenye bati na ghorofa juu, simu ya bei ndogo inaweza kumweka mtu ng'ambo ya barabara. Ukifunga eneo dogo sana utawakataa waliomo ndani, ukilipanua utawakubali walioko kwenye kijiwe cha kahawa.

Maneno ya vitufe huwa ya Kiingereza. Chapisha karatasi, uibandike juu ya simu: cha kijani nimeingia, cha njano nakwenda kula, chekundu nimetoka. Makosa mengi ya wiki ya kwanza yanatoka kwa watu waliobonyeza cha kutoka walipokwenda kula.

Hatua ya 6: Vibarua waache kwenye daftari

Mwenye kuanika na kufungasha dagaa pale Mwaloni ana watu wawili wa kudumu na kundi la vibarua wasiofanana wiki kwa wiki. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya dagaa inapumzika, giza likirudi kazi inarudi kwa kishindo. Hakuna ratiba ya Jumatatu hadi Jumamosi hapo, na kusajili majina mapya kila giza kunamaliza kikomo cha watumiaji kabla ya mwezi kuisha. Wanaolipwa kwa gunia andika magunia, wanaolipwa kwa siku andika jina, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kiasi na saini. Programu ibaki kwa wale wa kudumu. Angalia tu kibarua asije akawa wa kudumu kwa miezi huku bado anaitwa kibarua.

Hatua ya 7: Viendeshe viwili kwa mwezi mzima

Kauntabuku usiitupe. Mwezi wa kwanza watu wasaini daftari na wabonyeze simu. Kila Jumamosi jioni kaa na vyote viwili, upitie tofauti ukiwa na wahusika, kabla hawajasahau.

Tofauti ya kwanza utakayoiona ni waliosahau kubonyeza kutoka. Programu moja itaacha saa ziendelee hadi mtu aonekane kafanya kazi saa 37 mfululizo, nyingine itamkata yenyewe baada ya muda fulani bila kukuambia. Zote zinahitaji mtu wa kurekebisha, na swali linakuwa: marekebisho yanaacha alama? Programu nzuri inaonyesha saa ya mwanzo, saa mpya, nani kabadilisha na lini. Toleo la bure mara nyingi linafuta ya zamani na kuweka mpya kimya kimya. Ikiwa yako ni hiyo, weka daftari dogo la marekebisho: tarehe, jina, ilikuwa saa ngapi, imekuwa saa ngapi, sababu, saini ya mfanyakazi na ya msimamizi. Na msimamizi anayebadilisha saa za wenzake asiwe na uwezo wa kubadilisha zake.

Usimkate mtu mshahara kwa rekodi ya mwezi huu wa majaribio. Ukianza kwa kukata, wataichukia simu ile na siku moja itaangukia kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya 8: Funga mwezi kwa karatasi yenye saini

Siku ya mwisho ya mwezi pakua ripoti ya kila mfanyakazi, siku kwa siku, si jumla peke yake. Pitisha viwango vyako vya Hatua ya 1 kwenye Excel, kwa kuwa programu haitakufanyia. Chapisha ukurasa mmoja kwa kila mtu: saa za kawaida, ovataimu, usiku, siku ya mapumziko, sikukuu. Mpe asome nyumbani kama anataka. Akikubali asaini, akikataa aandike anachokataa na mkae mkimalize kabla ya kulipa.

Karatasi hiyo ina uzito kuliko simu. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mfanyakazi ana siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine kama ovataimu. Usipoweza kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti unaangukia kwako wewe mwajiri. Akaunti ya bure iliyofungwa kwa sababu hamkuingia miezi kadhaa, au iliyosajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyeacha kazi, haitakusaidia hapo. Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, na nywila yake aijue mwenye biashara.

Faili la kielektroniki tunza mahali pawili, kwenye kompyuta ya duka na nje ya duka. Karatasi weka kwenye faili la mfanyakazi.

Lini ulipie, lini uachane nayo

Kama una watu wasiozidi kumi, wote wa mchana, duka moja, programu ya bure iliyopita majaribio ya Hatua ya 4 itakutosha kwa miaka. Ukiwa na zamu za usiku, matawi mawili au watu wanaosafiri, weka gharama mbili kwenye karatasi moja: ada ya mwezi ya toleo la kulipia, na saa anazotumia mhasibu kurekebisha ripoti za bure. Mara nyingi ya pili ndiyo kubwa, ila haionekani kwa sababu imejificha ndani ya mshahara wake.

Kuna na njia ya tatu ambayo wauzaji wa programu hawaitaji. Daftari lililopigwa mistari vizuri, safu ya saa ya kuingia, ya kula, ya kurudi na ya kutoka, msimamizi akiandika saa kwa mkono wake mbele ya mfanyakazi na wote wawili wakisaini, kwa duka la watu wanne linafanya kazi yote niliyoeleza hapa. Ukiamua hilo, nunua lenye jalada gumu, uandike namba za kurasa kabla ya kuanza, na ukurasa usichanwe.